Ngumi yangu inaangusha watu, lakini mkono wangu haustahimili. Nifanyeje?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni bondia wa Mafinga, nina miaka 23, napigana uzito wa kilo 66. Nimepanda ulingoni mara nane, nimeshinda saba, sita kwa KO. Shida yangu ni mkono wa kulia. Kila nikitoka kwenye pambano unavimba pale juu ya kidole cha kati, na wiki tatu nzima siwezi hata kufunga kifungo cha shati. Mchana napakia mbao kwenye malori, jioni napiga gunia. Wenzangu wananiambia nipige gunia la mchanga bila glovu ili mkono ukomae. Wengine wanasema mikono ya namna hii haifiki mbali, niache. Nina pambano Mbeya baada ya wiki sita na promota ameshanipa nusu ya hela. Je, yupo bondia aliyefika mbali akiwa na mkono kama wangu?"

Marahaba, mdogo wangu. Wapo, tena waliofika mbali sana. Nitaanza na Joe Calzaghe wa Wales, maana naona safari yake inakuhusu kuliko ya mwingine yeyote.

Calzaghe alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Alipoingia ngumi za kulipwa mwaka 1993, karibu kila aliyesimama mbele yake alilala. Oktoba 1997 akampiga Chris Eubank kwa pointi na kuchukua mkanda wa dunia wa WBO, moja ya mashirika makubwa ya ngumi, uzito wa kilo 76, akaukalia kwa zaidi ya miaka kumi. Alistaafu mwaka 2009 akiwa na mapambano 46, yote ameshinda, 32 kwa KO. Sasa tazama hizo KO zimekaa wapi: nyingi zimerundikana mwanzoni. Kadiri miaka ilivyokwenda ndivyo ushindi wa pointi ulivyozidi, na sababu kubwa ilikuwa mikono. Ilivunjika, ikapona, ikaumia tena. Akabadilika. Akaacha kutafuta ngumi moja ya kumaliza kazi, akaanza kumwaga ngumi nyingi nyepesi, nyingine zikitua kwa kiganja kilichofunguka kidogo. Wapo waliomsema kwamba anapiga makofi. Hakuna aliyemshinda hata hivyo.

Septemba 2005, mjini Cardiff, alipanda ulingoni na Evans Ashira, mzaliwa wa Kenya aliyekuwa akipigania Denmark. Raundi za mwanzo tu mkono wa kushoto ukavunjika. Zilibaki raundi nyingi. Akazimaliza kwa mkono wa kulia, akiukokota ule wa kushoto kama mzigo, na akashinda kwa pointi. Halafu, na hapa ndipo nataka usome polepole, pambano lake kubwa na Mmarekani Jeff Lacy, lililokuwa limepangwa Novemba mwaka huohuo, likaahirishwa. Mashabiki walinung'unika. Lilipofanyika Machi 2006 kule Manchester, Lacy, ambaye wengi walikuwa wamempa ushindi, alipigwa kuanzia raundi ya kwanza hadi ya kumi na mbili. Watu wakizungumzia kilele cha Calzaghe wanautaja usiku ule. Miezi minne ya kungoja haikumpunguzia kitu.

Sasa tuutazame mkono wako.

Kiganja na vidole na kifundo cha mkono ni mifupa 27 midogo. Ngumi nzito haitoki mkononi. Inatoka kwenye kisigino kinachosukuma sakafu, inapita nyonga, inapita bega, na yote hiyo inatokea mlango mmoja mwembamba: mifupa miwili ya kiganja, ule unaobeba kidole cha shahada na ule unaobeba kidole cha kati. Unene wake hauzidi sana penseli. Msuli wa mguu na wa mgongo unakua kwa mazoezi, wewe unayepakia mbao unalijua hilo kuliko mimi. Mfupa wa kiganja haukui kwa kasi hiyo. Kwa hiyo usiseme mkono wako ni dhaifu. Kilichotokea ni kwamba mwili wako umejifunza kutoa nguvu kuliko mlango unaozitoa, na wapigaji wakubwa wengi wameumia kwa njia hiyohiyo. Deontay Wilder, mtu wa ngumi nzito kuliko karibu wote wa kizazi chake, alivunja mkono wa kulia mwaka 2016 akipigana na Chris Arreola, na msuli wa mkono huohuo ukachanika. Alimaliza kwa kushoto, mpaka watu wa kona ya Arreola, yaani kocha na wasaidizi wake, walipomzuia mtu wao baada ya raundi ya nane.

Unasema uvimbe unakaa juu ya kidole cha kati. Hilo linanipa wasiwasi maalumu. Fanya hivi leo ukiwa umetulia. Weka mkono wa kulia juu ya meza, kiganja chini. Weka ncha ya kidole cha mkono wa kushoto juu kabisa ya kile kifundo cha kidole kinachouma. Sasa kunja ngumi polepole sana. Juu ya kila kifundo inapita kano inayonyoosha kidole, kama kamba juu ya kapi, na pembeni yake kuna utando unaoishikilia isitoke njiani. Ukihisi kamba ile inateleza na kudondokea kwenye bonde kati ya kidole cha kati na cha jirani yake, basi utando umechanika. Hilo ndilo jeraha ambalo mabondia wengi hulipuuza, kwa sababu kwenye picha ya eksirei mfupa unaonekana mzima na wanaambiwa hawana kitu. Utando uliochanika kwa mtu anayepiga ngumi mara nyingi hautulii mpaka ushonwe na daktari wa mifupa. Kuchua hakusaidii. Maji ya moto na chumvi hayasaidii. Yanapunguza uvimbe ukadhani umepona.

Bonyeza pia mahali pengine pawili. Kwanza nyuma ya kiganja, pale mifupa ya vidole inapoungana na kifundo cha mkono. Viungo vya pale chini ya kidole cha shahada na cha kati kwa kawaida havichezi kabisa, vimekazwa ili vihimili mshindo. Kama kuna nundu, au ukibonyeza unahisi kitu kinacheza, mwambie daktari. Pili, kishimo kinachojitokeza chini ya kidole gumba ukikinyoosha kwa nguvu. Chini ya kishimo hicho kuna mfupa mdogo ambao damu inaufikia kwa shida. Ukivunjika, picha ya siku ya kwanza inaweza isionyeshe ufa. Kama pale pana maumivu, omba picha irudiwe baada ya siku kumi hadi kumi na nne, hata ukiambiwa mara ya kwanza kwamba uko salama.

Picha unaweza kuanzia hapohapo Mafinga. Ikionekana unahitaji daktari wa mifupa, utaelekezwa Iringa au Hospitali ya Rufaa ya Kanda hapa Mbeya. Mwambie daktari kwamba wewe ni bondia, na umwonyeshe ngumi yako ikiwa imekunjwa. Mtu anayetaka mkono wa kushikia jembe na mtu anayetaka mkono wa kupigia ngumi hawatibiwi sawa.

Nirudi kwenye gunia la mchanga. Hapana. Najua ushauri ule unatoka kwa watu wanaokupenda, na nimeusikia Mwanjelwa na nimeusikia Makambako. Ni kweli mfupa hukomaa ukipewa kazi, ila hukomaa kwa miezi na miaka, kwa mzigo mdogo unaoongezwa kidogokidogo, na mtu mwenye uvimbe wa wiki tatu hana mfupa wa kukomaza, ana jeraha la kuponya. Mchanga nao una tabia yake: unashuka. Baada ya wiki mbili nusu ya chini ya gunia inakuwa jiwe, na hapo ndipo unapopigia ngumi za tumbo. Mike Tyson alikuwa bingwa wa dunia mwenye mikono iliyozoea kuliko ya mtu yeyote mtaani, na Agosti 1988 alipozichapa na Mitch Green barabarani Harlem, bila glovu wala bandeji, mkono wake wa kulia ulipata ufa. Pambano lake na Frank Bruno likasogezwa hadi mwaka uliofuata.

Wewe unakaa kwenye maranda na mitumba. Jaza gunia lako matambara ya mitumba yaliyokatwa vipandevipande, uchanganye na maranda makavu kidogo tu ya kuziba nafasi. Usijaze maranda matupu, yanashika unyevu na kugandamana, hasa kwa baridi na ukungu wa huko kwenu. Kila Jumamosi lishushe, ligeuze kichwa chini, ulikung'ute. Kidole chako kikibonyeza gunia kizame kidogo. Kisipozama, usilipige.

Kazi ya mbao yenyewe siioni kama adui. Gene Tunney, aliyemvua Jack Dempsey ubingwa wa uzito wa juu mwaka 1926, alisumbuliwa na mikono ujanani. Alikwenda kufanya kazi kwenye kambi ya wakata magogo Kanada, na alizoea kuminya mipira ya raba ili mikono ipate nguvu. Kwa hiyo kushika na kubeba kunajenga. Tatizo lako ni saa. Msuli wa mkono wa chini, ule uliokuwa ukishika mbao tangu asubuhi, ndio huohuo unaotakiwa kukaza kifundo cha mkono kisipinde ngumi inapotua. Saa kumi na mbili jioni umechoka, kifundo kinalegea nyuzi chache tu, na nguvu yote badala ya kupita katikati inapita pembeni. Ukiweza, piga gunia na fanya sparingi, yaani kupigana na mwenzako kwa mazoezi, siku usizopakia, au alfajiri kabla ya kazi. Jioni baada ya mbao fanya miguu, kamba, na ngumi za hewani. Na Juni hadi Agosti, mtu wa Mufindi asipige kitu chochote kabla mikono haijapata moto. Ingiza mikono kwapani, itikise, kunja na kunjua vidole mpaka uone vimekuwa vyekundu, ndipo uvae bandeji.

Bandeji. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimefunga mikono ya vijana kwa miaka mingi na nimeona makosa yaleyale. Wengi wanafunga mkono ukiwa umekunja vidole nusu, kama mtu anayeshika kikombe. Ukishavaa glovu na kukunja ngumi kamili, bandeji inabana damu, vidole vinakufa ganzi, na bondia mwenyewe anailegeza kwa meno. Tanua vidole vyote mpaka mwisho wakati unafungwa. Anza na kifundo cha mkono, mizunguko mitatu au minne, kwa sababu hicho ndicho nguzo ya nyumba. Kisha kidole gumba, mara moja, kisivutwe sana. Kisha chukua kipande kingine cha bandeji au gozi, ukikunje tabaka juu ya tabaka mpaka kiwe mto mnene kama nusu ya kidole, ukilaze juu ya vifundo vinne vya vidole, halafu ukifunge kwa mizunguko ya juu na ya kati ya vidole. Kila baada ya mizunguko miwili simama, kunja ngumi, gonga kwenye kiganja cha anayekufunga. Mto ukihama, anza upya. Mwisho ngumi ikikunjwa ijae, ikikunjuliwa mkono upumue. Plasta ibaki kwenye kifundo cha mkono na nyuma ya kiganja, isipande juu ya vifundo vya vidole. Kanuni haziruhusu, na plasta iliyokauka pale inakuwa ngumu kuliko mfupa wako.

Mazoezini vaa glovu za aunsi 16. Uzito wako ulingoni unavalishwa aunsi 8, kwa hiyo kila ngumi nzito uliyoipiga mazoezini kwa glovu nyembamba ni ngumi uliyoitoa kwenye akiba bila malipo.

Sasa kuhusu kupiga. Naoya Inoue wa Japani, Desemba 2014, alimwangusha Omar Narváez ndani ya raundi mbili, mtu ambaye alikuwa hajawahi kupigwa KO. Ulimwengu ukashangilia. Mkono wa kulia wa Inoue ulikuwa umeharibika. Akafanyiwa upasuaji, akakaa nje mwaka mzima, akarudi Desemba 2015. Mei 2016 mkono ukamsumbua tena mapema katika pambano na David Carmona, akalazimika kwenda raundi zote kumi na mbili na kushinda kwa pointi. Mwangalie baada ya hapo. Mkono wa kushoto ukaanza kufanya kazi zaidi mwilini. Juni 2021 kule Las Vegas alimmaliza Michael Dasmarinas raundi ya tatu kwa ngumi za ini, na hakuhitaji kichwa cha yule bwana hata kidogo. Tangu hapo amekusanya mikanda yote minne mikubwa ya dunia katika uzito mbili tofauti.

Kichwa cha mtu, hasa paji la uso, ni mfupa mgumu kuliko wote utakaokutana nao ulingoni. Bondia mjanja akiona ngumi inakuja anainamisha kidevu ili uligonge paji. Wewe ukirusha kulia kwa nguvu zote kila unapoona uso, nusu ya ngumi zako zinatua huko. Kuanzia leo kulia yako iwe ya aina mbili. Ile nyepesi, ya kugusa, ya kumfanya ainue mikono. Na ile nzito, ambayo unaitoa kwa ajili ya mbavu na chembe ya moyo, au kwa kidevu kilichobaki wazi kabisa baada ya jabu, ile ngumi ya moja kwa moja ya mkono wa mbele. Kwenye sparingi nitakuruhusu nzito tatu tu kwa raundi. Ukimaliza tatu zako, raundi iliyobaki ni ya kushoto. Utachukia mwezi wa kwanza.

Tumbo nalo lina hatari zake. Arturo Gatti, katika pambano lake la tatu na Micky Ward, Juni 2003, alipiga chini kwa mkono wa kulia uliowahi kuvunjika, ngumi ikatua kwenye mfupa wa nyonga, mkono ukavunjika raundi ya nne. Alishinda, lakini kwa mateso. Kiwiko cha mpinzani kinaweza kukufanyia hivyohivyo. Kwa hiyo ngumi ya mwili ipigwe ukiwa umekunja magoti, macho yako yakiwa usawa wa kifua chake, unaona unapolenga. Usiitupe kutoka juu ukiwa umesimama wima.

Na usidhani mkono mbovu ni aibu ya wadogo. Floyd Mayweather, aliyestaafu mwaka 2017 akiwa na rekodi ya 50 kwa sifuri, Mei 2001 alipigana na Carlos Hernandez katika mji aliozaliwa, Grand Rapids, huku mikono yake ikiuma. Raundi ya sita alirusha kushoto, ikatua, na maumivu yakamkata hadi glovu yake ikagusa sakafu. Refa akamhesabia. Alihesabiwa kwa ngumi aliyoipiga yeye. Akamaliza na kushinda kwa pointi, na sehemu kubwa ya mtindo wake wa baadaye, ule wa kugusa na kutoka, ilizaliwa na mikono ile.

Tuje kwenye wiki sita. Mfupa wa kiganja ukivunjika na kufungwa hogo, huungana kwa wiki nne hadi sita. Kuungana si kuwa tayari kupiga. Ongeza wiki nyingine sita za kuurudisha: kuminya mpira, kisha ngumi za ndani ya maji, kisha pedi, kisha gunia, mwisho sparingi. Utando ukishonwa ni miezi. Kwa hiyo kama picha au kile kipimo cha kidole kitaonyesha jeraha, hakuna pambano baada ya wiki sita, na sisemi hivyo kwa kukutisha.

Promota mwendee wiki hii, usingoje wiki ya tano. Nenda na karatasi ya daktari, na nenda na hela yake kama hujaitumia. Mwambie: "Kaka, nataka nipigane kwako nikiwa mzima, nipangie tarehe nyingine." Promota mwenye akili anajua bondia anayepiga KO anaujaza ukumbi mara nyingi, ila akiwa na mkono. Kama umeshaitumia, omba ikatwe kwenye pambano lijalo, mwandikishiane mbele ya kocha wako. Akikataa kabisa, deni linalipika.

Kitu kimoja ambacho usikikubali kutoka kwa yeyote ni sindano ya ganzi. Nikiwa na umri kama wako nilikuwa na pambano Iringa na mkono wangu ulikuwa umevimba hivyohivyo unavyosema. Mtu wa kona yangu, ambaye nilimwamini kama baba, alileta sindano kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Nilipigana raundi nane nikijiona nina mkono wa chuma. Nilishinda. Usiku kwenye basi ganzi ilipoisha niligundua kwamba nimekuwa nikipigia mfupa uliovunjika tangu mwanzo, kwa sababu maumivu ambayo yangeniambia niache yalikuwa yamenyamazishwa. Mpaka leo kifundo changu cha kati kimezama, ukipapasa unakuta shimo. Asubuhi za Julai hapa Mbeya kikombe cha chai nakishika kwa mikono miwili. Nilipigana mara tatu tu baada ya usiku ule.

Una ushindi saba na miaka 23. Calzaghe akiwa na umri huo alikuwa bado hajapata hata mkanda wa dunia.

Piga picha kwanza, fanya kile kipimo cha kano, kisha uniandikie umeona nini: imeteleza au imekaa, na upande gani. Ukija Mbeya, njoo na zile glovu unazofanyia mazoezi, nataka nizikate nione pamba iliyobaki juu ya vifundo.